Masaisi wa Ngong na Vitabu vya Farasi

Mwaka 1983 kampuni ndogo ya uchapishaji ya Berkeley, California, iitwayo North Point Press, ilitoa upya kitabu ambacho kilikuwa kimesahaulika tangu miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Kitabu hicho ni West with the Night cha Beryl Markham. Mwandishi wake alikuwa bado hai, ajuza wa miaka themanini na ushei, akiishi katika nyumba ndogo ndani ya uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa Tuala, Kajiado, niliyeajiriwa kwenye mabanda ya farasi ya uwanja huohuo. Nayaandika haya uzeeni kwa sababu wengi niliofanya nao kazi kule wametangulia mbele ya haki, na waliyoyajua hayakuandikwa popote.

Tuala ya siku hizo haikuwa na maduka haya ya vifaa vya ujenzi wala nyumba za mabati ya rangi. Ilikuwa tambarare, nyasi, miiba na bati moja hapa na jingine kule. Ng'ambo ya mto Mbagathi ni Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotengwa mwaka 1946, na upande wetu wa kusini haukuwa na ua. Mvua ikinyesha, punda milia na nyumbu walivuka wakaja kulisha kwetu hadi nyanda za Kitengela na Kaputiei. Nyumbani tulikuwa na punda wa mama. Nasema wa mama kwa sababu kwetu punda ni mali ya wanawake: ndio wanaochota maji, kupeleka maziwa, kubeba mizigo boma linapohama. Katika kiangazi cha 1984, ng'ombe walipokuwa wakifa kila upande, punda ndio waliotuletea maji. Farasi sikuwahi kumgusa hadi siku mjomba aliponipeleka Ngong kuombewa kazi.

Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1954, ingawa mbio za farasi Nairobi zilianza zamani zaidi, tangu mwaka 1904, mji wenyewe ukiwa bado mahema na reli. Jumapili watu walijaa jukwaani, wengine kwa kamari, wengine kwa kofia. Siku nyingine palikuwa petu. Tuliamka kabla ya alfajiri, tukatoa samadi, tukabadilisha nyasi za kulalia, tukapima shayiri na pumba, kisha farasi wakatolewa mazoezini wapige shoti umande ukiwa bado majanini. Wakirudi wana jasho hawakupewa maji mengi kwa mkupuo. Walitembezwa kwanza hadi kifua kipoe. Jambo hilo nilifundishwa siku ya kwanza na mzee mmoja wa Kikipsigis aliyekuwa saisi, yaani mtunza farasi, tangu enzi za wakoloni, na alilifundisha kwa sauti ambayo sikuthubutu kuiuliza sababu.

Ofisini kwa mkufunzi wetu palikuwa na rafu ya vitabu. Nilikuwa nimefika kidato cha nne, Kiingereza nakisoma, na mkufunzi hakunikataza kuazima. Vitabu vingi kwenye rafu ile vilikuwa na jina moja chini ya ubavu: J. A. Allen, London. Baadaye nilikuja kujua habari za kampuni hiyo. Joseph Allen aliianzisha mwaka 1926, na kwa miaka mingi duka lake lilikuwa Lower Grosvenor Place, jirani na mabanda ya farasi wa Mfalme wa Uingereza. Aliuza na kuchapisha vitabu vya farasi, akakomea hapo. Hakutafuta riwaya za mapenzi wala vitabu vya shule. Kuna mabwana waliotafsiri vitabu vya Kifaransa na Kireno vya upandaji farasi, akavichapa. Kuna mtaalamu wa kwato, akamchapia kitabu chake. Alichapa hata kile cha Xenophon, Mgiriki aliyeandika juu ya farasi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita.

Kampuni ya namna hiyo haiishi kwa wateja wengi. Huishi kwa wateja wachache wasioihama. Mtu anayefuga farasi hanunui kitabu kimoja maishani. Atanunua cha kulisha, cha magonjwa, cha kufundisha mwanafarasi, cha mtoto wake aliyeanza kupanda, na kitabu kizuri cha mwaka 1960 bado atakitafuta mwaka 1985 kwa sababu mguu wa farasi haujabadilika. Kwa hiyo mchapishaji huchapa nakala chache, huzihifadhi ghalani, huziuza pole kwa pole kwa posta na kwenye maduka ya matandiko. Niliipenda biashara hiyo kabla sijaijua. Ilinipa picha ya mtu aliyeamua kwamba jambo moja tu linatosha kulifanyia kazi maisha yake yote.

Jioni, baada ya farasi kupewa chakula cha mwisho, tulikaa nje ya mabanda tukichemsha chai. Mzee yule akaniambia, "Kijana, hicho unachosoma kinasema nini? Tusomee na sisi." Nikawa nasoma kwa Kiingereza kimoyomoyo, halafu nawaambia kwa Kiswahili. Walikuwepo Wakipsigis, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya, na mimi Mmasai peke yangu. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho hakijaniondoka hadi leo. Wazee wale hawakusikiliza kama wanafunzi. Walisikiliza kama wazee wa baraza, na kitabu ndicho kilichokuwa shahidi.

Nilipowasomea Xenophon wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Mgiriki yule anasema ukinunua farasi tazama miguu kwanza, na kwato kabla ya yote, maana mwili mzuri juu ya kwato mbovu ni kazi bure. Anasema mahali anaposimama farasi pamwagwe mawe ya mviringo ili kwato zikomae. Anasema usimwendee farasi ukiwa na hasira. Mzee wangu akasema, "Huyo alikuwa saisi." Nikamwambia hapana, alikuwa jemadari wa vita. Akasema, "Basi alikuwa na saisi mzuri, na alimsikiliza."

Lakini tulipofika kwenye vitabu vya Kiingereza vya miaka ya karibuni, mabishano yalianza. Vilieleza kwa kurasa nyingi namna ya kumnyoa farasi manyoya ya majira ya baridi na blanketi la kumfunika usiku wa theluji. Wazee wakasikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza: "Na ule ugonjwa?" Nikapekua faharasa. Haukuwemo, au ulikuwa na sentensi mbili tu mwishoni, kama kitu cha nchi za mbali.

Ugonjwa wenyewe ni ule unaoitwa tauni ya farasi ya Afrika. Husababishwa na virusi, huenezwa na usubi, wale wadudu wadogo wanaouma tangu jua linapotua hadi linapochomoza. Farasi asiyechanjwa akiupata, mara nyingi hafiki wiki ya pili. Punda milia anaweza kuwa nao asionyeshe lolote. Punda wetu wa kawaida huku Afrika naye huumwa kwa nadra. Kwa hiyo pale tulipokuwa, mpakani mwa mbuga iliyojaa punda milia, farasi alizungukwa na jamaa zake wanaobeba kifo chake bila kuugua.

Wazee waliujua ugonjwa huo kwa macho na mikono. Mzee wangu alinishika kidole akakiweka juu ya jicho la farasi mzima, kwenye kishimo kilicho juu ya kope. "Hapa," akasema. "Kila asubuhi kabla hujampa shayiri. Kishimo hiki kikijaa, kikavimba kikawa kama yai, usingoje." Kuna aina nyingine ambayo haivimbi kichwa: farasi anaanza kuhema, puani linatoka povu jeupe jingi, na ndani ya saa chache ameanguka. Walijua kwamba mwaka wa mvua kubwa baada ya ukame ndio mwaka wa hatari. Walijua farasi aingizwe bandani kabla jua halijagusa vilima vya Ngong na asitolewe hadi mwanga uwe wazi. Walichoma samadi kavu upande upepo unakotoka, moshi upite mabandani. Chanjo ilikuwepo, na daktari wa mifugo alikuja kwa ratiba, lakini kati ya chanjo na chanjo kinga ya farasi ilikuwa macho ya saisi.

Nilianza kuandika. Daftari la mistari, kalamu ya wino wa buluu, usiku kwenye taa ya chemli. Niliandika walichosema kama walivyosema.

Katika siku hizohizo ndipo kitabu cha Beryl Markham kilipofika. Nakala ilitoka kwa mgeni wa Marekani, ikapita mkono hadi mkono kwa wakufunzi, mwishowe nami nikaipata. Habari ya kufufuka kwake ilijulikana pale uwanjani. Kilichapwa mara ya kwanza Boston mwaka 1942, kikapotea katikati ya vita. Ernest Hemingway aliwahi kukisifu mno katika barua kwa mhariri wake. Barua hiyo ilipotoka katika mkusanyiko wa barua zake mwaka 1981, mwenye mkahawa mmoja wa California aitwaye George Gutekunst akaisoma, akakitafuta kitabu, na hakutulia hadi North Point walipokubali kukichapa. Kikawa miongoni mwa vitabu vilivyouzwa sana Marekani. Mama yule, ambaye alikuwa akiishi kwa kubanabana, akapata kipato cha miaka yake ya mwisho.

Nilimwona kwa mbali tu, mrefu bado, hajajikunja. Sikuwahi kuzungumza naye na sitajisingizia. Wazee ndio waliomjua: mtoto wa Clutterbuck wa Njoro, aliyepata leseni ya kufundisha farasi wa mbio akiwa na miaka kumi na minane tu, mwanamke ambaye farasi wake walishinda Derby ya Kenya mara sita, na aliyevuka Atlantiki peke yake kwa ndege mwaka 1936. Walimtaja kwa heshima ya watu wa kazi moja. Mzee wangu hakusema alikuwa mpole. Alisema, "Farasi alimsikia."

Niliwasomea wazee sehemu za Njoro, za kuzaliwa kwa mwanafarasi Pegasus, na za Kibii, mtoto wa Kikalenjin aliyekua naye pamoja shambani, akaja kuitwa arap Ruta na kuwa msaidizi wake mabandani na hata kwenye ndege. Wazee walinyamaza kimya wakati wa arap Ruta. Ni yeye aliyewagusa, si ndege. Kwa mara ya kwanza mtu wa kazi yao alikuwa na jina ndani ya kitabu, na kitabu chenyewe kimesomwa na walimwengu. Kisha mmoja akauliza swali lililonifanya niendelee na daftari langu miaka yote iliyofuata: "Na yeye arap Ruta aliandika wapi?"

Kuna mabishano mpaka leo kama Markham aliandika kitabu chote mwenyewe au mume wake wa tatu, Raoul Schumacher, alikuwa na mkono mzito ndani yake. Mimi si mwamuzi wa jambo hilo. Ninachojua ni kwamba mambo ya farasi yaliyomo ndani ni ya mtu aliyeshika farasi kwa mikono yake, na wazee, ambao hawakuwa na sababu ya kumpendelea, hawakupata kosa.

Markham alifariki Agosti 3, 1986. Mwaka uliofuata niliacha kazi ya mabandani, nikarudi Tuala na daftari zangu. Nilikuwa na wazo moja: kitabu kidogo cha Kiswahili cha kutunza farasi na punda, kwa maneno ya masaisi wenyewe. Nikaenda Nairobi kwa mchapishaji mmoja. Mhariri alinipokea vizuri, akapekua kurasa, akaniuliza somo hili liko kwenye mtaala wa darasa la ngapi. Mfumo wa 8-4-4 ulikuwa umeanza 1985, na wachapishaji wote walikuwa wakikimbizana na vitabu vya shule, ambavyo serikali na wazazi hawana budi kununua. Nikajibu kwamba si cha shule, ni cha watu wazima wanaofanya kazi. Akafunga daftari taratibu, akanirudishia. Sikuona ubaya moyoni mwake, ila niliona mlango umefungwa. Zamani palikuwa na East African Literature Bureau, iliyoanzishwa 1948 na kuchapa vijitabu vya kazi na kilimo kwa Kiswahili na lugha nyingine za kwetu. Ilikufa pamoja na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, na ile iliyorithi upande wa Kenya ilielekea zaidi madarasani.

Mwaka huohuo wa 1987 habari zilitufikia kwamba farasi wanakufa Hispania. Punda milia walionunuliwa Namibia kwa ajili ya bustani ya wanyama karibu na Madrid walikuwa wameingia na virusi. Ugonjwa ukakaa huko hadi 1990. Nilipomwambia mzee wangu, ambaye alikuwa amestaafu kwake Bomet, aliketi muda mrefu. Kisha akauliza kama masaisi wa huko wamefundishwa kutazama kishimo cha juu ya jicho. Sikuwa na jibu, na hasira niliyokuwa nayo siku ile ninayo bado. Maarifa yaliyotakiwa Ulaya yalikuwa kwenye daftari la shilingi chache chini ya kitanda Tuala, na kwenye vichwa vya wazee ambao hakuna aliyewauliza.

Basi tukachapa wenyewe. Mwalimu mmoja wa Rongai alituazima mashine ya kurudufu ya shule, ile ya karatasi ya nta na wino mzito unaoganda kwenye kucha. Alipiga chapa usiku, mimi nikazungusha mpini. Kurasa zikabanwa kwa pini, jalada likawa karatasi ya manila. Nikakipeleka Ngong, Karen, Limuru, nikawaachia masaisi kwa bei ya karatasi. Baada ya muda kijitabu kikaongezewa sehemu ya punda, na hiyo ndiyo iliyopendwa zaidi, kwa sababu ilienda kwa akina mama wa Tuala, Olooloitikosh na Kitengela. Mama yangu ndiye aliyeitoa karibu yote: jinsi ya kutandika gunia lililokunjwa ili mtungi usikae juu ya uti wa mgongo, kwa nini kamba ya nailoni hukata pale ngozi inapokunjana nyuma ya mguu wa mbele, na kwamba kidonda cha mgongoni hakiponi punda akiendelea kubeba hata ukimpaka dawa gani. Mmoja wa wanawake wa jirani hakujua kusoma. Alikiweka kijitabu ndani ya kibuyu chake na kumwita mtoto wa shule kila punda alipougua.

Biashara hiyo haikutajirisha mtu. Karatasi ilipanda bei, mwalimu akahamishwa, mashine ikabaki na shule. Mwaka 1988 ranchi ya pamoja ya Kitengela iligawanywa, kila mtu na kipande chake, na mashamba yakaanza kuuzwa. Ua ukapita kila mahali. Hata zile kampuni ndogo za ng'ambo nilizozipenda hazikudumu zilivyokuwa: North Point ilifunga shughuli zake 1991 na jina lake likaenda kwa kampuni kubwa ya New York, na J. A. Allen iliuzwa 1999 kwa Robert Hale, ambayo nayo ilifunga mwishoni mwa 2015, vitabu vyake vikachukuliwa na Crowood. Lakini vitabu vyenyewe vipo. Ukitaka leo kile cha Xenophon utakipata. Cha mzee wangu wa Bomet hutakipata, maana nakala yangu ya mwisho imeliwa na mchwa nusu, na yeye amezikwa.

Punda nao wamepita kwenye moto. Kuanzia 2012 sheria iliruhusu wachinjwe, machinjio yakafunguliwa kwa ajili ya ngozi zinazopelekwa China kutengenezwa dawa, na wizi ukaenea hadi mabomani. Akina mama waliamka wakakuta kamba imekatwa. Sensa ya 2009 ilihesabu punda wapatao milioni 1.8 nchini. Ile ya 2019 ilipata kama milioni 1.2. Serikali ilipiga marufuku uchinjaji huo mwaka 2020, mahakama ikaibatilisha marufuku hiyo mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara ya ngozi za punda barani kote. Katika mjadala huo wote nilisikia wafanyabiashara, mawakili na mashirika. Mwanamke mwenye punda watatu Tuala, anayejua mnyama huyo kuliko wote waliokaa mezani, sikumsikia.

Farasi sasa wapo hata huku kwetu. Watu wamejenga mabanda kati ya Kitengela na Rongai, watoto wanafundishwa kupanda mwishoni mwa wiki, na vijana wameajiriwa kuwatunza. Nikipita huwauliza nani amewafundisha kazi. Wengi huniambia wanatazama simu. Nikimwuliza kijana juu ya kishimo cha juu ya jicho, mara nyingi hunitazama tu, na ng'ambo ya mto punda milia bado wapo.

Kwa hiyo nawaomba ninaoweza kuwafikia. Wewe uliyekuwa saisi Ngong, Njoro, Molo au Limuru, au baba yako alikuwa, kaa na kijana mwenye simu akurekodi, umwambie kila kitu kuanzia kwato kwenda juu, na utaje majina. Wewe mama wa Kajiado mwenye punda, vivyo hivyo. Na wewe mchapishaji wa Nairobi, Dar es Salaam au Kampala, usiulize darasa la ngapi. Chapa nakala mia tano, ziweke ghalani, ziuze pole kwa pole kwenye maduka ya dawa za mifugo. Daftari zangu zilizosalia ziko Tuala, na atakayekuja kuzitumia nitampa bila malipo.